Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu: Badilisheni mtihani kabla hamjatununulia vifaa

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri wa Nchi – TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Baraza la Mitihani la Tanzania. Na Taasisi ya Elimu Tanzania.

YAH: SAYANSI KWA VITENDO KATIKA SHULE ZA MSINGI

Waheshimiwa, poleni na majukumu.

Mimi ni mwalimu wa Sayansi, darasa la tano na la sita, katika shule ya serikali wilayani Kilosa. Siandiki kuomba maabara. Vishikwambi navyo siviombi, maana vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 vilishagawiwa kwa walimu na vinatusaidia kwa mengi, ingawa si kwa hili. Ninaandika juu ya karatasi ya mtihani.

Kila kikao cha walimu kinapofika kwenye neno "vitendo", jibu huwa liko tayari: vifaa hakuna. Nimeacha kuliamini jibu hilo. Ni kweli hatuna hadubini, na wenye mizani wanahesabika. Lakini sehemu kubwa ya Sayansi ya msingi haidai hivyo. Mashine rahisi zinataka ubao, jiwe na kamba. Umeme unataka betri mbili za tochi, glopu ndogo na kipande cha waya ambacho fundi redio pale sokoni anakitupa. Kuota kwa mbegu kunataka maharage, kitambaa chenye unyevu na kopo. Ukitaka kuonyesha asidi na besi, chemsha rozela, chuja maji yake, tafuta ndimu na magadi. Ndimu inayaacha maji yakiwa mekundu, magadi yanayageuza kijani, na ukikamulia ndimu tena juu yake povu linapanda na wekundu unarudi. Gharama yake haifiki bei ya chupa ya soda. Basi kama vifaa vipo, kwa nini darasani bado tunaandika ubaoni na watoto wananakili?

Niwaonyeshe kwa mada moja, nyenzo, ile mashine rahisi ya kuinulia mzigo kwa kuegemeza.

Kwa njia ya ubaoni mada hii inakwisha ndani ya kipindi kimoja cha dakika 40. Naandika kwamba nyenzo ina egemeo (mahali inapoegemea), mzigo na jitihada (nguvu unayoitia). Daraja la kwanza egemeo liko katikati, la pili mzigo uko katikati, la tatu jitihada iko katikati. Mifano: mkasi, toroli, kibanio. Watoto wananakili, wanaimba kwa pamoja, na wiki ijayo nikiwauliza wanapata. Ila ukimchukua mmoja wao, aliyesukuma toroli la madumu ya maji alfajiri ile ile kabla ya kuja shule, ukamuuliza kwa nini dumu zito hupangwa karibu na gurudumu, anakutazama tu. Hajajua kwamba muda wote ule mlikuwa mnalizungumzia toroli la kwao.

Kwa njia ya pili tunatoka nje. Tunaweka ubao wa mita nne juu ya jiwe, jiwe likiwa katikati. Mimi nakaa upande mmoja, karibu na jiwe. Upande wa pili, mwisho kabisa wa ubao, anakaa msichana mdogo kuliko wote darasani. Napanda juu. Kelele zake zinasikika hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Baada ya hapo maswali yanaanza, na hayatoki kwangu. Akisogea mbele je? Wakikaa wawili? Mvulana mmoja alishikilia kwamba mtoto hawezi kumwinua mtu mzima, kwamba mimi nilikuwa najisukuma kwa mguu, akanitaka nikunje miguu yote miwili. Nikakunja, nikapanda vilevile. Ndipo akaenda kutafuta kamba, akapima kutoka kwenye jiwe hadi nilipokaa, kisha hadi alipokaa mwenzake.

Mizani tuliazima kwa wanunuzi wa mahindi. Mimi kilo 70, yule msichana kilo 28. Yeye yuko mita 2 kutoka kwenye jiwe. Mimi nimesogezwa mbele na nyuma hadi ubao ukatulia, kama sentimita 80 hivi. Walipozidisha, 28 mara 2 ilitoa 56, na 70 mara 0.8 ikatoa 56. Nisiwadanganye, mara ya kwanza haikutoka safi namna hiyo. Hesabu zilipishana, wakabishana, hadi mmoja akagundua kwamba ubao wenyewe ni mnene upande mmoja na hivyo nao una uzito wa kuhesabiwa. Sikuwaambia mimi. Pale palikuwa na Sayansi, palikuwa na Hisabati ya desimali ambayo wiki mbili nyuma ilikuwa imewashinda, na palikuwa na uhandisi, kwa sababu walianza kubishana ubao uchongwe vipi ili usawazike. Kama hiyo siyo STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) mnayoihubiri kwenye makongamano, basi mimi sijui STEM ni nini.

Ilikula vipindi viwili na sehemu ya mapumziko.

Sasa uje mtihani. Swali litakuwa hivi: ipi kati ya zifuatazo ni nyenzo daraja la pili? A mkasi, B toroli, C kibanio, D bembea. Mtoto aliyenakili ubaoni anasiliba B, yaani anaijaza kwa penseli, na kuendelea. Mtoto aliyepima kwa kamba naye anasiliba B. Wamepata sawa. Tofauti iko kwa walimu wao: yule wa ubaoni amebakiwa na kipindi kizima cha kumalizia mada nyingine na kurudia maswali ya miaka iliyopita, na mwisho wa mwaka shule yake itakuwa juu ya shule yangu. Mwalimu aliyeoa, ana watoto, na anajua kwamba wilayani nafasi za shule zinahesabiwa, achague lipi? Baraza limeacha kutangaza shule kumi bora kitaifa na nawapongeza kwa hilo. Huku chini orodha bado zinatoka.

Ndiyo maana nasema tatizo letu ni mtihani. Tangu 2012, karatasi za mtihani wa kumaliza elimu ya msingi zilipoanza kusahihishwa kwa mashine, watoto wetu wamefunzwa sana kusiliba. Maswali machache ya kuandika majibu yapo, lakini uzito bado uko kwenye herufi A hadi mwisho. Nayaelewa mazingira yaliyoleta mfumo huo, maana kusahihisha karatasi za zaidi ya watoto milioni moja kwa mkono si jambo dogo. Ila tusijifanye kushangaa kwamba watoto waliokulia humo wanafika sekondari wakiogopa kugusa waya.

Na hapa ndipo penye nafasi ambayo hatujawahi kuwa nayo. Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023 imeifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi badala ya saba, na minne ya sekondari. Watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 chini ya mtaala mpya wanamaliza darasa la sita 2027. Hao wote wanaendelea na kidato cha kwanza, kwa mujibu wa sera yenyewe. Kwa miaka mingi mtihani wa mwisho wa msingi ulikuwa chekeche: nafasi za sekondari zilikuwa chache, ilibidi upatikane utaratibu wa haraka wa kusema huyu apite, huyu abaki. Kazi hiyo imekwisha. Kama mtihani hauchuji tena, una sababu gani ya kubaki na umbo la kuchujia?

Ninachoomba kwa Baraza ni kitu ambacho hakihitaji bajeti mpya. Badilisheni namna ya kuuliza. Badala ya kuuliza toroli ni daraja la ngapi, choreni ubao, mtoto wa kilo 30 akiwa mita 2 kutoka kwenye egemeo, mwingine wa kilo 40 upande wa pili, muulize huyu wa pili akae wapi ili ubao utulie. Au chora sakiti yenye glopu isiyowaka na uulize waya upi uguswe kwanza kutafuta hitilafu. Au toa jedwali la urefu wa mche wa mahindi kwa siku kumi, siku moja ikiwa na kipimo kisichoingia akilini, uulize ni kipi na kwa nini. Hata mashine inaweza kuyasahihisha hayo. Mtoto aliyeyafanya kwa mikono atayajibu, aliyeimba hatayajibu. Mkifanya hivyo mwaka mmoja tu, niaminini, mwaka unaofuata walimu wenyewe watatafuta mbao.

Pili, iwepo kazi mradi ya darasa la sita inayopewa alama. Zisiwe nyingi; 15 kati ya 100 zinatosha kuanzia. Mtoto atengeneze kitu, akipime, aandike alichopima. Chujio la maji la mchanga na mkaa, kinu cha upepo cha chupa ya plastiki, jiko linalotumia kuni chache. Najua mtakachosema, kwa sababu hata sisi walimu tunakisema tukiwa peke yetu: alama zitapikwa. Zitapikwa, ndiyo, kama hakuna anayekuja kuangalia. Basi wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wachague shule mbili tatu katika kila wilaya bila kutoa taarifa, waite watoto kumi, wawaambie warudie mbele yao walichofanya. Anayejua atarudia. Shule ambayo watoto wake wote wamekwama ipunguziwe alama zote za mradi. Habari za shule moja ya namna hiyo zitafika wilaya nzima kabla jua halijazama.

Mkitaka mfano wa kwetu, mnaujua. Mwaka 1963, kijana aliyeitwa Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Wenzake walikuwa wakichemsha maziwa na kuyaacha yapoe kwanza, yeye akaogopa kukosa nafasi kwenye friji, akayaingiza yakiwa ya moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Likizo alikutana na watengeneza aiskrimu wa Tanga mjini, akakuta wao wanalijua jambo hilo na ndivyo wanavyofanya biashara yao. Alipofika Sekondari ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, Mpemba akauliza swali lilelile mbele ya wanafunzi wote, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo kwa pamoja. Hadi leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo ni la kweli kwa kila hali, na kama ni kweli linasababishwa na nini.

Kisa hicho hutajwa kwenye hotuba kama sifa ya taifa. Mimi huwa natazama wale wengine waliomo. Watengeneza aiskrimu wa Tanga walijua, na hakuna aliyewauliza. Walimu walikuwa na friji palepale shuleni, wakaona ni rahisi zaidi kumwambia mtoto amekosea kuliko kufungua mlango wa friji. Wangapi wengine waliuliza kitu cha maana wakanyamazishwa, na hakuna Osborne aliyepita?

Kuna jambo la lugha ambalo sijaona likisemwa. Katika shule za msingi za serikali Sayansi inafundishwa kwa Kiswahili. Sekondari inageuka kuwa Kiingereza. Kwa mtoto wangu wa Kilosa, hii miaka ya msingi ndiyo pekee ambayo anaweza kushika kitu, kukishangaa, na kubishana na mwenzake juu yake kwa lugha anayoota nayo. Akikosa kugusa sasa, mara ya kwanza atakapokutana na betri na ammita (kipima mkondo wa umeme) itakuwa kwenye mtihani wa vitendo wa sekondari, na maelekezo yake yatakuwa kwa Kiingereza. Anakuwa na ugeni wa aina mbili kwa mpigo, kisha tunaandika ripoti kwamba watoto hawapendi fizikia. Nafasi hii tunaipoteza kwa kuimba madaraja ya nyenzo.

Kwa wathibiti ubora nina ombi dogo. Mnapokuja shuleni mnakagua azimio la kazi, andalio la somo na madaftari ya watoto yaliyosahihishwa. Vyote ni karatasi. Nilipokuwa nje na ule ubao wangu, kiongozi mmoja aliyekuwa akipita aliuliza kama wale watoto hawana mwalimu. Nilikuwa hewani wakati huo, kwa hiyo nilichelewa kujibu. Nina mwenzangu ambaye hathubutu kuwasha mshumaa darasani kuonyesha kwamba moto unahitaji hewa, kwa hofu kwamba mtoto akiungua kidole atasimama peke yake mbele ya mzazi na mbele ya mwajiri. Tupeni mwongozo wa maandishi wa usalama, kurasa nne zinatosha: nini kinaruhusiwa, nini hakiruhusiwi, ndoo ya mchanga ikae wapi, na mwalimu aliyefuata mwongozo analindwaje. Na mkija kukagua, ombeni kuonyeshwa jaribio moja likifanywa na watoto.

Neno "vitendo" lenyewe tumelichafua. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitaka shule iunganishe kichwa na mikono, na Mwalimu Nyerere alitaka wazi kwamba mitihani ipunguziwe uzito. Kilichofika shuleni ni jembe. Mtoto akichelewa, analima. Akipiga kelele, anafagia. Shamba la shule likawa mahali pa adhabu. Shamba lilelile lingeweza kuwa maabara bora kuliko zote: tuta moja na samadi, tuta moja bila, watoto wanapima kila Ijumaa. Nimelifanya hilo na mahindi, na waliokuja kubisha hodi Jumamosi kutaka kupima walikuwa walewale wanaotoroka zamu ya kufagia.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Ruzuku ya serikali kwa shule imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikibaki juu kwa ajili ya vitabu, na zinazofika shuleni zina kazi nyingi, kuanzia chaki hadi ukarabati. Sidai ziongezwe leo. Nadai ruhusa iliyoandikwa, kwamba mwalimu mkuu anaweza kununua betri, waya na ndimu bila kuulizwa na mkaguzi wa hesabu kwa nini shule inanunua ndimu.

Na madarasa ni makubwa. Kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu. Wangu wanazidi tisini. Kufanya jaribio na tisini kunawezekana, nimelifanya, ila lazima wagawanywe katika makundi ya sita sita. Wakizidi hapo, wavulana wanashika betri na wasichana wanaandika. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yatusaidie hapo hasa, namna ya kuongoza makundi kumi na tano kwa wakati mmoja. Kwa sasa tunakaa tunasomeana slaidi kuhusu ujifunzaji tendaji, tukiwa tumekaa.

Namaliza na jambo ambalo mnaweza kulifanya mwaka huu huu kwa waraka mmoja. Kila mwaka jua la adhuhuri hupita utosini mwa nchi yetu likitoka kaskazini kwenda kusini. Bukoba ni siku za mwisho wa Septemba, Mwanza siku chache baadaye, Dodoma na Dar es Salaam wiki ya pili ya Oktoba, Mtwara na Songea kama siku kumi baada ya hapo. Siku hiyo, jua likiwa utosini, kijiti kilichosimama wima hakina kivuli. Mtihani wa darasa la saba unakuwa umeshapita, shule bado zimefunguliwa, walimu wana nafasi. TAMISEMI iagize kila shule ya msingi, na za serikali peke yake ni zaidi ya 16,000, isimamishe kijiti cha mita moja uwanjani na watoto wapime kivuli kila baada ya dakika tano, kuanzia saa sita kamili hadi saa saba na nusu. Watagundua kwamba kivuli hakiwi kifupi kabisa saa sita juu ya alama. Watoto wa Kigoma wataona chao kinafika mwisho wa kufupika karibu dakika arobaini baada ya watoto wa Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani zinasoma sawa. Shule zitumiane vipimo kwa simu za walimu. Nchi nzima itakuwa imepima umbo la dunia kwa vijiti.

Kisha Baraza liweke swali moja la kivuli kwenye karatasi ya 2027. Moja tu, lakini litangazwe mapema kwamba litakuwepo.

Nasubiri majibu yenu kwa njia yoyote mtakayoona inafaa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Sayansi,
Kilosa, Morogoro